Kizuka Aenda Kuwasha Injini

Mkaza mwanangu Lubna alikuwa ndani ya eda ya mwanangu Hilal, na injini yake ilikuwa iwashwe Alhamisi.

Hilal alikufa ghafla, moyo, akiwa dukani kwake hapa Saint Paul, Marekani. Lubna hakulia. Watu walikuja kutupa pole, wakala wali wetu, wakaondoka wakinong'ona: kizuka gani huyu, mume kafa na macho makavu?  Mimi nilikuwa namsikia usiku kupitia ukutani, akigeukageuka kitandani. Usingizi hapati, wala halii.

Kazi yake ni kuunda injini ya roketi, zile za biashara, za kupeleka mitambo ya watu angani. Hii yao inachoma methani, gesi ile ile ambayo ng'ombe huitoa bila kuomba radhi, ila wameipoza mpaka ikawa kama maji. Aliniambia haiachi masizi, kwa hiyo injini moja yaweza kuruka tena na tena. Hilo nililielewa, nimesugua masufuria maisha yangu yote. Lakini kila walipoiwasha, ilizimika. Lubna akaunda upya sehemu ya kuwashia, na sasa ndiyo ingejaribiwa.

"Watawasha bila mimi, Mama," aliniambia. "Si neno."

Alisema si neno huku akikunja kanga aliyokwisha kuikunja. Mimi ndiye mavyaa yake. Nikikataa, hatoki, na alikuwa akingoja nifumbue mdomo.

Dada yangu Fatimah akafika kutoka Oakdale, hata viatu hajavua vizuri.

"Fathiya, umerukwa na akili? Kizuka atoke aende kutazama moto?"

"Si kutazama. Kuuwasha."

"Na wanaume humo?"

"Wamo. Nasikia wote wananuka grisi. Hakuna wa kuposa."

"Unafanyia mzaha eda ya mwanao!"

Hapo mzaha ukaniisha. "Sheikh nimemuuliza. Mchana, kwa haja ya kazi, anatoka. Usiku alale kwake. Hilal alikuwa akimpeleka kazini kila theluji ikianguka. Aliingoja injini hii kuliko mimi nilivyongoja mjukuu. Leo we waniambia nimfungie mlango?"

Fatimah akavua kiatu cha pili. "Basi ale kwanza," akasema.

Alhamisi mwenzake Lubna wa kazini, Francis, kijana wa bara anayeniita Shosho, yaani bibi, akaja kutuchukua kwa gari, akatupeleka nje kidogo ya Anoka. Getini mlinzi akakifungua kikapu changu: chetezo, makaa, ubani, kiberiti. Nilitaka kuifukiza injini. Jicho la watu haliogopi chuma.

Francis akashika kichwa. "Shosho! Hapa hata simu hatuingizi. Unataka kutulipua?"

"Nilitaka kuwaombea."

"Tuombee bila moto."

Kikapu kikabaki kwa mlinzi. Tukaingia chumba cha zege, injini yenyewe iko mbali, tunaiona kwenye skrini. Vijana wa jinzi walikuwa wamemwachia Lubna kiti chake. Akakaa na buibui lake, akatazama namba zake, akahesabu kwa Kiingereza, akabonyeza.

Kimya. Nikasema moyoni, imekataa tena.

Kisha ukuta ukatetemeka, meno yangu ya bandia yakagongana, na moto ukatoka, wa buluu, umenyooka. Haukuzimika.

Ndani ya ngurumo ile nikaona mabega ya Lubna. Mdomo wazi. Alikuwa akipiga ukelele, akimlilia mumewe kwa sauti ambayo dini yetu haitaki tumlilie maiti nayo, na hakuna aliyemsikia. Vijana walikuwa wameikodolea macho skrini. Nikamshika kiuno, na mimi nikaiachia sauti yangu. Nilimwita mwanangu kwa jina lake na la baba yake.

Injini ikamaliza muda wake wote, ikanyamaza ghafla. Mimi sikuwahi kunyamaza nayo.

"Hilaaal!" ikajaa chumba kizima.

Wote wakageuka. Francis akavua kofia.

"Ndiye bwana yake?" akaniuliza polepole.

Lubna akajibu kabla yangu. "Ndiye." Akanivutia kiti, akanikalisha ubavuni pake, na machozi yakaendelea kumtoka mbele ya watu, bila kelele, wala hakuyafuta.