Napenda Mahindi

Ijumaa, ofisini mjini Wote, Madam Kalekye, bosi wake, alimuuliza Kyule swali dogo tu: wikendi huwa anaandika programu gani? Bosi alikuwa akitafuta kiongozi wa timu, na Kyule aliitaka nafasi hiyo kufa kupona. Akajibu haraka kwamba ana app yake, huiandika hadi usiku wa manane, kwa mapenzi tu. Mdomo jamani! Ukweli ni kwamba saa kumi na moja jioni ikifika, Kyule hufunga laptopu kama mtu anayekimbizwa na nyuki.

Kesho yake alikuwa shambani Tawa, ndani ya mtaro, akichimba matuta na mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi. Wanakikundi huchimba shamba la mmoja leo, la mwingine wiki ijayo, na yeyote atakayefika hupewa jembe. Watazamaji hawatakiwi.

Na nani akatokea na viatu vyeupe? Madam Kalekye. Alikuwa amekuja kuona kioski cha maji, ambapo watu hulipia mitungi kwa programu aliyoiandika Kyule, na mhudumu akamwelekeza shambani. Kyule alitamani mtaro umfunike.

“Kumbe app iko kwa mchanga?” Kalekye akauliza.

Kabla Kyule hajajibu, Nduku, mwenyekiti wa kikundi, alimkabidhi bosi jembe. Bosi akachimba.

“Huyu kijana wako ni mzuri,” Nduku akamwambia. “Ile siku simu zilikataa kulipa, alikuja mwenyewe, akakaa na sisi kwa laini ya maji mpaka zikakubali.”

Sifa hizo zilimchoma Kyule. Siku ile alifurahi kweli, ila aliona haya kuisema furaha yenyewe, akidhani anayefaa kazi hii hufurahia kuandika programu, si kuona foleni ikiisha.

“Na nyinyi mnapenda hii kuchimba?” Kalekye akauliza, akihema.

“Nani apende?” Nduku akacheka. “Mimi napenda mahindi.”

Maneno mepesi hivyo, na Kyule na digrii yake alishindwa kuyasema.

“Madam, hakuna app,” akasema. “Coding siipendi. Napenda vile hiyo laini iliisha.”

Kalekye akaegemea jembe. “Nilikuja kukuambia nafasi ni yako, sababu ya hii kioski. Jana nilikuwa napiga stori tu.”

“Na sasa?”

“Sasa nikikuuliza kama system inafanya kazi, nitajuaje unaniambia ukweli?”

Uso ulimwaka Kyule.

“Hapa hakuna kusimama!” Nduku akawafokea.

Wakainama wote wawili, wakaendelea kuchimba.