Mpira Kwenye Pipa la Damu

Chasibu, fundi bomba wa mtaa mmoja wa Basra, aliukuta mpira wa maji umezama ndani ya pipa la damu, pale pale alipouona juzi. Machinjio yalikuwa yamejaa ng'ombe wa Idi. Binti yake, Shadha, alikuwa hospitalini siku ya nne, anahara damu. Si yeye peke yake. Mtaa mzima ulikuwa unahara.

Haji Mizban, mwenye machinjio, alimkaribisha kahawa. Chasibu alikipokea kikombe, akakiweka chini bila kuonja. Kule hata mtoto anajua maana yake: mgeni ana haja, na hanywi mpaka akubaliwe; akinywa, wamepatana.

"Sema, Baba Shadha."

"Niruhusu nikufungie vali hii bombani, Haji, maji yasirudi nyuma. Saa moja tu. Mchana watu wakiwasha pampu zao, bomba kuu linakauka, linafyonza damu ya pipa lako kupitia mpira ule. Ndiyo tunayokunywa."

"Lini maji yakapanda mlima?" Wachinjaji wakacheka. "Nisimamishe kazi leo, kesho Idi, kwa ajili ya tumbo la mwanao? Kunywa kahawa, uende zako."

"Sinywi."

Haji akauma meno. Mgeni akiondoka na kikombe kimejaa, aibu ni ya mwenyeji, na mji wote ungeuliza alinyimwa nini. Lakini Chasibu alikuwa amechoka kungoja. Aliuendea mpira, akauchomoa pipani.

Ngumi ya kwanza ilimvunja pua. Wanne walimlaza chali kwenye sakafu yenye damu, mmoja akaukanyaga mkono ulioshika vali mpaka vidole vikavunjika kama kuni kavu. Haji mwenyewe alimpenyeza mpini wa kisu mdomoni. Meno mawili yaling'oka. Akammiminia kahawa yote, akambana ile pua mpaka koo likameza.

"Nyinyi ni mashahidi," akasema, anahema. "Amekunywa."

Mpira ukarudishwa pipani.

Kwenye kituo cha polisi, ofisa alimsikiliza huku anakula tende. Mshenzi yule hakuandika hata neno moja.

"Nijibu hili tu. Kahawa ya Haji ulikunywa, hukunywa?"

"Walinishika, bwana mkubwa, waka..."

"Ulimeza?"

Chasibu alitema damu kwenye kilemba chake. "Nilimeza."

"Basi mmeshapatana." Akafunga daftari. "Nenda kanawe uso. Bomba liko hapo uani."