Vibarua Wasiokula

Asubuhi ya siku ya mnada Lukresia alikuwa barazani kwake Karatu, akitia mifuko kwenye sare za shule, mfanyabiashara Valeriani alipofungua robota la kwanza la mitumba ng'ambo ya barabara, karibu na kituo cha mafuta. Ulikuwa ule mwaka serikali ilipofungulia biashara na nje. Ndani ya robota mlikuwa na makoti ya sufu, mashati, na suruali za watu walioshiba miaka mingi. Nguo hizo ziliitwa kafa Ulaya, kwa sababu ilisemekana wenyewe walikufa huko. Karatu kuna baridi, na koti la marehemu liliuzwa kwa bei ya chini kuliko vifungo alivyonunua Lukresia. Ilipofika Pasaka hakuwa na mteja hata mmoja. Akaifunika cherehani yake kwa gunia, akaenda kufanya kibarua cha palizi kwenye shamba la Valeriani huyohuyo, aliyekuwa na mkataba wa kulima maharage ya mbegu ya kupeleka Ulaya.

Wenye nguo walifika wakati wa masika. Walipanda kwa miguu kutoka Mto wa Mbu, weupe, wamejifunga sanda, wakipita kwenye matope bila kuacha alama. Kiswahili chao kilikuwa kama cha padre mgeni. Josephati, balozi wa nyumba kumi, aliwauliza wametoka wapi na watakaa mpaka lini. Walisema wamekufa, wamezifuata nguo zao, na kila atakayeivaa ya kwake atarudi kulala. Balozi akaona jibu linatosha. Tangu hapo kila mfu alisimama nyuma ya mtu aliyevaa nguo yake, bila kumgusa. Katibu kata alihutubia mkutano mzima akiwa na mzee mrefu nyuma yake, mwenyewe wa koti la mvua alilovaa katibu. Alieleza kwamba koti hilo alilinunua kihalali, kisha akaendelea na ajenda ya vyoo.

Wananchi walilalamika jambo moja tu: wageni waliziba foleni ya sukari.

Valeriani alikuwa na jicho la kumwona haraka mtu anayeweza kutumika. Aliwakusanya wafu, akawaambia nguo zimeshauzwa, lakini atakayemfanyia kazi mpaka mavuno atatafutiwa yake. Walikubali, kwa kuwa mfu ana muda. Walipalilia tangu alfajiri mpaka giza. Hawakunywa maji, hawakuugua, hawakuomba ruhusa ya kwenda kuzika. Baada ya muda nyapara aliondoa sufuria ya uji shambani, kwa maelezo kwamba vibarua walio wengi hawali.

Hilari, kibarua kutoka Singida aliyezeekea kwenye shamba lile, alimfuata Valeriani.

"Mzee, mshahara umekwenda wapi?"

"Haujaenda popote. Nimeusawazisha. Wenzako wanalima kwa shati."

"Wenzangu wamekufa."

"Hayo ni yao na Mungu. Soko haliulizi. Kama shati linakufaa, jembe lile pale."

Hilari alilima kwa shati. Mvua zilipokatika alilivaa, akashika njia ya Singida kwa miguu, na mwenye shati akamfuata nyuma, amejikunyata kwa baridi.

Lukresia alirudi kwenye cherehani. Watu wa Ulaya walikufa wakiwa wanene, na Valeriani alihitaji fundi wa kupunguza nguo ziwaenee walio hai. Malipo yalitosha unga. Mboga ilikuwa juu yake mwenyewe. Alikubali, kwa sababu binti yake Sara alikuwa darasa la saba.

Marehemu mmoja wa kike alizoea kuja kukaa barazani kazi ya shamba ikiisha. Jina lake halikutamkika, kwa hiyo watu walimwita Lusia. Koti lake la kijani lilikuwa limechukuliwa na Domitila, mke wa Valeriani.

"Nilikuwa fundi kiwandani," Lusia alisema. "Tulishona makoti. Lile langu nililishona mwenyewe. Kisha kiwanda kikafungwa. Walisema kuna watu wa mbali wanashona kwa bei ya chini."

"Watu gani?"

"Hawakututajia. Nilipofika hapa nikadhani ni ninyi."

Lukresia alikata uzi kwa meno. "Si sisi, dada."

Ijumaa moja Domitila alilileta koti la kijani barazani. Alitaka lipunguzwe kiuno na mikono, alivae Jumapili kwenye kipaimara.

"Mwenyewe huyu hapa," Lukresia alimwambia. "Akilivaa atapumzika. Likikatwa halitamwingia tena."

Domitila alimtazama Lusia kama mtu anavyotazama kiti kilichowekwa njiani. "Kama mkasi umekuwa mzito, Mama Sara, sema nipeleke kwa fundi mwingine."

Domitila alipoondoka, Lukresia alikaa na mkasi mkononi mpaka chai ikapoa. Angeweza kumvika Lusia koti palepale, kazi ikaishia hapo. Lusia ndiye aliyeinuka, akashika upande wa pili wa koti, akalivuta linyooke.

"Kata," alisema. "Na mimi nilikuwa na mtoto."

Lukresia alikata. Kitambaa kilikwenda kombo, na Lusia akakirekebisha kwa sindano, kwa mishono midogo isiyoonekana. Jumapili hata padre alilisifu lile koti.

Valeriani naye aliiona ile mishono.

Mavuno yalipokwisha aliwatangazia wafu kwamba nguo zao bado zinatafutwa, nao wakaokota majembe. Mkubwa mmoja alikuja kutoka mkoani, akalipongeza shamba ambalo halina mgonjwa wala mgomo, akasema uchumi unakua, akaondoka na gunia la maharage. Kesho yake Valeriani alileta cherehani mpya barazani, akaiweka mbele ya Lusia.

"Na mimi, mzee?" Lukresia aliuliza.

"Wewe unakula, Mama Sara," alisema kwa upole, kama daktari anayemweleza mgonjwa hali yake.

Lusia aliinamisha kichwa. "Ameniahidi koti jingine."

"Najua," alisema Lukresia. Wakasaidiana kuifunga cherehani ya zamani kwa kamba.

Sara aliacha shule kabla ya mtihani. Mama na binti walipanda lori la mahindi linalopita Ngorongoro kwenda Loliondo, ili kutoka huko wafike Digodigo, ambako kwa ubaya wa barabara marobota yalikuwa hayajafika. Dereva alimwambia Lukresia amechagua vizuri: barabara itachongwa, na mwakani yeye mwenyewe ataanza kupeleka huko mizigo ya Valeriani.

Baada ya lango la hifadhi, kwenye ukungu, walimkuta mfu mmoja akitembea kandokando ya njia, sanda kiunoni, akielekea hukohuko kuisubiri nguo yake. Dereva alisimamisha lori, akampakia bila nauli, kwa kuwa hakuwa na uzito. Lukresia akamsogezea nafasi juu ya magunia.