Tundu Moja la Lynnet

Kitambaa kilikuwa cha kroshia, cha mviringo, cha kufunika meza ya keki mpaka chini, na Lynnet alifariki kabla hajakitia ukingo. Harusi ya binti yake, Liz, ilikuwa Jumamosi, Homa Bay. Siku hiyo ya Jumanne marafiki watatu wa Lynnet walikuwa sebuleni kwa Filister, pale Sori, wakibishana.

Kila mmoja alikuwa na ua lake la ukingo. La Filister lilishika matundu saba ya mstari wa mwisho, la Awino manane, la Milka kumi. Kila mmoja alikuwa amehesabu kitambaa kizima kwa ua lake, na kila mmoja alibakiwa na tundu moja.

"Umeruka mahali," Milka alimwambia Awino. "Hayo macho yako siku hizi ni pambo tu."

"Na wewe uliyebakiwa na moja, yako ni ya nini?"

Kulibana tundu hilo ndani ya ua kungevuta ukingo wote upande. Milka akashauri wafumue mstari wa mwisho, waufume upya.

"Mkono wa Lynnet haufumuliwi," Filister alisema. Si kawaida yake kusema kwa ukali, kwa hiyo wakauacha mstari.

Marion, mke wa mwanawe Awino, anafundisha hesabu sekondari huko Uriri, na alikuwa amekuja kumwona mama mkwe. Akauliza matundu ni mangapi. Elfu mbili mia tano ishirini na moja. Akaandika nyuma ya bahasha, akagawa kwa mbili, kwa tatu, kwa saba, akaendelea hivyo mpaka arobaini na saba.

"Hamjakosea," akasema. "Namba hii haigawanyiki kwa yoyote, ila kwa moja na kwa yenyewe. Ni namba tasa."

Filister hakuwahi kuzaa, na neno hilo aliitwa miaka mingi kwa wakwe zake. Awino akavuta chupa ya chai, akammiminia kikombe ambacho hakukiomba, akatia sukari vijiko vitatu kama apendavyo. Filister aliona.

"Samahani, mama," Marion alisema, macho chini.

"Vitabuni inaitwa hivyo?" Filister akauliza.

"Ndiyo."

"Basi hiyo tasa ukiitoa moja, inakuwaje?"

Marion akarudi kwenye bahasha. Safari hii akaandika haraka. "Elfu mbili mia tano ishirini. Hii inagawanyika kwa mbili, kwa tatu, kwa nne, mpaka kumi, bila kuruka hata moja! Chini yake hakuna nyingine kama hiyo. Mkigawana watatu, kila mtu matundu mia nane arobaini. Maua yako mia moja na ishirini, ya mama mkwe mia moja na matano, ya mama Milka themanini na manne."

"Kumbe tunapigania tundu lilelile," Milka alisema.

"Na hilo moja tulipeleke wapi?" Awino akauliza.

Filister alikuwa ameshalichomeka sindano ya kroshia. "Uzi lazima uanzie mahali. Tutaanzia hapa, na tukishazunguka tutakuja kufungia hapahapa." Akavuta uzi mweupe, akafunga fundo la kwanza.

"Mwalimu, kunywa chai," alisema bila kuinua macho. "Hesabu yako haikukosea."