Kravati ya Zéphirin

Jumamosi, baada ya swala ya alfajiri, Nourdine alichuchumaa mbele ya duka la baba yake huko Kasongo, akitia mafuta mnyororo wa baiskeli yake yenye magurudumu manene. Zéphirin akafika na muhogo wa kuchemsha, mdomo tayari unakwenda. Vijana hawa wawili walikuwa na ugonjwa mmoja: kila mwisho wa juma walipanda vilima kwa baiskeli bila mzigo wowote, eti kwa raha. Katika nchi ambako baiskeli hubeba madumu ya mawese, magunia ya mchele na mbuzi wazima, watu kama hao huombewa dua. Mchomeleaji wa sokoni aliwafungia keria kwa nguvu, kwa sababu alikataa kuona baiskeli ikitoka kwake uchi.

"Hata kuku mumoja hamukubeba?" mama mmoja aliwauliza njiani.

"Tunabeba kravati, mama," Zéphirin akamjibu.

Ilikuwa kweli. Zéphirin alikuwa msemaji wa harusi za Wakristo na za Waislamu pia, na kravati yake nyekundu ilikuwa mkobani, ikingoja misa ya Jumapili huko Kabambare.

Walipanda wakitweta, wakateremka wakipiga kelele kama watoto waliotoka shule, wakalala kwa rafiki. Jumapili asubuhi walifika kijiji alichoolewa Malaika, dada mkubwa wa Nourdine. Walitaka kumsalimia tu. Wakamkuta ameegemea ukuta, uchungu umemshika tangu jana, mtoto amelala vibaya tumboni. Mkunga alikuwa amesema wazi kwamba kazi hiyo ni ya lopitali, na lopitali iko Kabambare, ng'ambo ya vilima vitatu vya matope. Mume wa Malaika alikuwa amekwenda Nyangwe kununua samaki. Nourdine alimwogopea dada yake, maana Malaika ndiye aliyemlea mgongoni mama yao alipofariki.

"Lami iko wapi leo?" akauliza.

"Iko pale nyuma ya kilima, imejikunja," akajibu Mama Rachida, mama mkwe wa Malaika.

Barabara ya lami ya Kabambare ilikuwa imezinduliwa mara nyingi. Iliishi nyuma ya kilima, imeviringika kama mkeka. Akija mtu mwenye kravati akaanza kuahidi, ilijikunjua. Makofi yakipigwa, ilijikunja na kurudi kwake. Kina mama walilalamika tu kwamba haikai vya kutosha kuanikia muhogo.

Zéphirin alifunga kravati. Malaika akapandishwa kwenye keria ya Nourdine, Mama Rachida akakaa kwenye ya Zéphirin.

"Ndugu wananchi!" Zéphirin akapaza sauti. "Kabla ya mwaka kwisha, umeme utawaka katika kila nyumba!"

Lami ikashuka kilimani na kujilaza mbele yao, nyeusi, laini, na mstari mweupe katikati. Wakaondoka. Zéphirin aliahidi maji ya bomba, wakapanda kilima cha kwanza. Aliahidi chuo kikuu na treni, wakateremka cha pili, upepo masikioni, Malaika akiuma kitenge chake na kumwambia mdogo wake asifunge breki ovyo. Nourdine hakuwahi kuendesha mahali pazuri namna ile, na aliona haya kufurahi.

Kwenye kilima cha tatu sauti ya Zéphirin ilianza kukauka. Akamwonea huruma mama mzee aliyemshika kiuno.

"Na wewe, Mama Rachida, nitakuja mimi mwenyewe kutengeneza paa la jiko lako."

Lami ikasimama papo hapo. Magurudumu yakazama topeni.

"Zéphirin!" Malaika akafoka kutoka kwenye keria. "Ile unataka kuifanya kweli! Sema ingine!"

"Uwanja wa ndege!" Zéphirin akapiga kelele. "Mbili! Mumoja wa mchana, mumoja wa usiku!"

Lami ikaendelea.

Walipofika mbele ya lopitali, Mama Rachida aliliona paa la bati la jengo. Kwao shukrani haisemwi kwa mdomo mtupu. Akateremka, akapiga magoti kidogo, akakutanisha viganja vyake polepole, pa, pa, pa. Lami ikajikunja chini ya baiskeli na kuwamwaga wengine watatu matopeni, mlangoni kabisa. Malaika alicheka huku analia, wakamwingiza ndani hivyo hivyo.

Mtoto alitolewa salama kwa upasuaji, wa kike, mwenye sauti ya msemaji wa harusi. Nourdine alilia mbele za watu na hakujificha.

"Mulikuja na lami?" muuguzi Rosine aliuliza akinawa mikono.

"Ndiyo."

"Muko na bahati. Muke ya Alimasi alifia njiani juma lililopita. Bwana yake hajuwi kusema uongo."

Malaika alipopona alirudi nyumbani. Zéphirin naye alirudi, akatengeneza paa la jiko, na kravati akaiacha kwenye msumari mlangoni kwa Malaika, ili mwenye mgonjwa aazime. Baiskeli zao sasa hazipiti kijiji kile bila kupewa ndizi, na hakuna tena anayewaombea dua.

Wa kwanza kuazima alikuwa Alimasi mwenyewe, mwanakijiji yule aliyefiwa na mke. Binti yake alikuwa mjamzito na siku zake zimekaribia, naye alitaka kujizoeza mapema. Alisimama mbele ya kilima, kravati imekaa upande, kofia mkononi.

"Ndugu wananchi," akasema, "nitajenga daraja."

Lami haikusogea. Chini ya kilima, kwenye mto unaokata njia ya Kabambare, shoka lake lilikuwa limelala juu ya magogo, na nguzo mbili za kwanza zilikwisha simama majini.

Alimasi alivua kravati, akaikunja vizuri, akairudisha kwenye msumari, akashuka mtoni.