Siku za Kokwijuka

Kokwijuka alikufa mwezi wa kumi na moja mwaka 1978, vita vikiwa vimefika Kyaka, na watu wa Nyakasimbi walimzika haraka bila kukaa matanga. Alikuwa na miaka thelathini na moja. Mumewe alikuwa amemrudisha kwa kaka yake, Rwegoshora, kwa sababu hakuzaa, na kwa sababu kila mwezi alilala siku tatu akilia kama mtu anayechomwa moto.

Deodatha, binti wa Rwegoshora, alikuwa na miaka kumi na sita, na ndiye aliyekuwa akilala chumba kimoja na shangazi yake huyo. Miezi mitatu baada ya mazishi alikuwa jikoni akimenya ndizi na bibi yake, Kokuberwa, maumivu yakamshika chini ya kitovu. Alipiga magoti, akaweka paji la uso sakafuni, akaibana ngumi ya kulia tumboni.

Bibi aliangusha kisu. "Kokwijuka!" akaita. "Umerudi kutafuta nini?"

Maana ndivyo marehemu alivyokuwa akipiga magoti. Ngumi ile ile, upande ule ule.

Tangu siku hiyo, kila mwezi damu ya Deodatha ilipokaribia, bibi alimwita kwa jina la shangazi yake. Alitandikiwa mkeka wa Kokwijuka, akavalishwa kitenge cha Kokwijuka, akapikiwa ndizi na maharage jinsi Kokwijuka alivyopenda, ili aliyemo ndani yake ashibe na aondoke. Rwegoshora alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri na hakupenda mambo ya mizimu, lakini hakuwakataza. Binti yake akianza tu kulia, yeye alichukua panga akaenda shambani, hata kama mvua inanyesha.

Mwanzoni Deodatha hakuamini. Kisha akaanza kusikia. Mchana kweupe, akiteka maji peke yake, alisikia nyuma yake mtu anayevuta pumzi huku ameuma meno. Akigeuka, anaona migomba tu. Baadaye hakugeuka tena, alizungumza naye. "Shangazi, leo nina kazi, niache hadi kesho," alisema, na mara nyingine aliachwa hadi kesho. Kibaya zaidi ni kwamba maumivu yalipopanda, hakujua tena kilio kinachotoka kinywani mwake ni cha nani.

Mwaka 1983 aliolewa Kihanga na Gaudiosus, kijana mpole mwenye shamba la kahawa. Alidhani shangazi atabaki Nyakasimbi. Mwezi haukuisha, shangazi akawa naye tena chumbani. Miaka minne ilipita bila mtoto. Kitendo cha ndoa chenyewe kilimuuma, akauma ncha ya shuka na kunyamaza. Mama mkwe wake, Stephania, hakumtukana, ila alikuwa akimtazama tumbo kabla ya kumtazama usoni.

Asubuhi moja ya mwaka 1987, katika msimu wa kuchuma kahawa, Deodatha alianguka kati ya mibuni na hakuinuka. Gaudiosus alimbeba hadi barabarani, akasimamisha lori lililokuwa likikusanya kahawa, wakafika hospitali ya misheni kabla ya adhuhuri.

Muuguzi aliyempokea aliitwa Anonciata, mama wa makamo ambaye wazazi wake walitoka Rwanda. Alimshika mkono, akamuuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Yanakuja lini?"

"Siku mbili kabla ya damu. Yanaendelea hadi ikatike."

"Ukienda haja kubwa, je? Ukiwa na mumeo?"

Deodatha alijifunika uso kwa kanga. "Hivyo vyote," akasema. "Lakini dada, usijisumbue. Huyu ni shangazi yangu. Alikufa, sasa yumo humu."

"Na yeye aliumwa hivi?"

"Siku hizi hizi. Na hakuzaa."

Anonciata akaenda kumwita daktari.

Alipasuliwa siku ile ile. Alipozinduka na kupata nguvu ya kusikiliza, daktari aliketi kwenye kiti kando ya kitanda, Gaudiosus akiwa amesimama miguuni, akaeleza polepole. Ule utando wa ndani ya mji wa mimba, unaotoka na damu kila mwezi, kwa baadhi ya wanawake kuna mwingine wa namna hiyo unaoota nje, mahali pasipo pake: kwenye ovari, kwenye utumbo, nyuma ya kibofu. Siku zikifika, nao unatoka damu, lakini damu hiyo haina njia. Inakaa humo, inachoma, inaunganisha viungo kama gundi. Kwenye ovari ya kulia alikuta uvimbe uliojaa damu ya zamani, nyeusi na nzito. Ameuondoa.

"Ugonjwa huu unaitwa endometriosisi," alisema. "Sikudanganyi, hauishi. Unaweza kurudi. Lakini unaweza kutulizwa. Na mara nyingine hutembea katika ukoo."

"Shangazi yangu ndio uliomuua?"

"Siwezi kusema kilichomuua mtu ambaye sikumwona. Huwa hauui kwa kawaida. Ila uvimbe unaweza kupasuka, au utumbo ukajifunga, na mtu asipopelekwa hospitali mapema, anakufa."

Alipewa vidonge vya uzazi wa mpango, ameze kila siku bila kupumzika ili damu isije, na vidonge vya maumivu aanze mara anapohisi dalili, asisubiri kuzidiwa. Stephania alipoviona alishika kichwa.

"Mtu asiye na mtoto anapewa dawa ya kuzuia mtoto? Nani amewaroga?"

"Mama," Gaudiosus alisema, "kwanza awepo yeye mwenyewe."

Hakuwahi kulirudia neno hilo.

Maumivu hayakwisha. Yalipungua hadi akaweza kulima siku ambazo zamani alikuwa akitambaa. Ila zile pumzi nyuma yake ziliendelea, na sasa zilimtisha kuliko awali. Zamani alidhani anamsikia mtu anayemdai kitu. Sasa alijua kwamba anamsikia mgonjwa.

Mwaka uliofuata alikwenda Nyakasimbi. Bibi alikuwa ameshafariki. Alimkuta baba yake uani akianika kahawa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Alimweleza yote, tangu utando hadi uvimbe. Rwegoshora aliendelea kusambaza kahawa kwa kiganja, kisha mkono ukasimama.

"Kwa hiyo hakuwa amejitoa mimba," alisema.

"Nani alisema alijitoa mimba?"

"Mimi." Aliketi chini palepale. "Siku zile alivimba tumbo, akawa anatapika. Niliamini ana mwanamume, na ametumia dawa za kienyeji. Nilifunga mlango. Kila mtu nilimwambia ni vita, magari hayapiti. Lakini tulikuwa na machela, Deodatha. Chama cha machela, wale wanaobeba wagonjwa mabegani, kingemfikisha zahanati kwa nusu siku. Sikuweza kuwaita. Wangeniuliza anaumwa nini." Alipangusa uso. "Aliniita kwa siku mbili. Mimi nilikuwa shambani."

Deodatha alitaka kumshika bega, mkono ukakataa. Kisha akasema, "Mimi ulinihamishia chumba cha pili siku zile, baba. Nilimsikia. Nilidhani ni siku zake tu."

Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya ibada, Rwegoshora aliwaomba wanaume wa chama cha machela wabaki kanisani. Deodatha alikaa benchi la nyuma. Baba yake alisimama bila Biblia mkononi, akawaambia dada yake aliugua nini, na yeye alifanya nini.

Kisha akainuka Yustus, aliyekuwa kiongozi wao miaka hiyo.

"Tulisikia kilio chake kutoka barabarani," alisema. "Tulichukua machela, tukaketi upande wa chini wa kibanja chako, migomba inapoishia, siku nzima. Tulikuwa wanane. Mgonjwa hachukuliwi mpaka mwenye nyumba aite, nasi tulikuwa tunangoja utuite."

Deodatha aliondoka benchi la nyuma, akaenda kukaa katikati ya wale wanaume, waliosikia kilio kama yeye alivyosikia, akamuuliza Yustus walikuwa wamekaa mahali gani hasa.