Kichwa cha Treni

Bi Fatma alikuwa jikoni akitwanga kitunguu thomu, masikio yote ukumbini. Tangu mumewe afariki, wanawe Amour na Tamim walikuwa wakitoana damu kwa kiwanja cha Fumba; Idi iliyopita walishikiana visu. Leo mkwewe, Rasha, kawakalisha mkekani na karata zake za treni: karata za mabehewa, za vituo, na ile kubwa ya kichwa kinachoyavuta yote.

"Amour!" Tamim alinguruma. "Kichwa chako leo nakikata! Fumba hufiki!"

Bi Fatma hakuuliza. Alichomoka na mchi mkononi, akamshindilia nao Tamim utosini.

"Umuue nduguyo, tumbo moja, nami ni hai?"

Tamim alianguka kifudifudi, damu ikatapakaa juu ya mabehewa. Bi Fatma akaunyanyua mchi tena. Amour akamrukia, akamshika mkono.

"Mama, tunacheza! Kaikata karata yangu ya kichwa kwa turufu, treni yangu isifike kituo cha Fumba!"

Mchi ukamponyoka. Hapo ndipo alipoitambua ile sauti aliyokuwa akiisikia tangu alasiri asijue ni ya nini: wanawe walikuwa wakicheka.